Miaka 22 wodi ya wanawake, sijawahi kuona rejista iliyoandikwa "ametoa mimba"

Nesi Mstaafu (#1)

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la mahusiano, hauhusu mahusiano. Na wale wa "fupisha, sisomi gazeti", mpite tu salama. Leo ni gazeti kweli.

Nimestaafu mwaka juzi. Katika utumishi wangu miaka 22 ilikuwa wodi ya magonjwa ya wanawake, hospitali ya serikali huku Kanda ya Ziwa, sitaitaja. Kilichoniamsha kuandika ni kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu. Kijana mmoja alituma video ya mhubiri anayezungumzia utoaji mimba, basi mjadala ukalipuka. Wafungwe maisha. Wanyongwe. Laana ya taifa. Mimi nilikuwa nasoma kimya huku nahesabu. Kati ya waliokuwa wanaandika "WAUAJI" kwa herufi kubwa, watatu nimewahi kuwapokelea binti zao wodini kwangu. Mmoja nilimkopesha hela ya damu.

Siri ya wodi ni siri ya wodi, sikuandika kitu. Nikatuma kikatuni cha mikono iliyofumbatwa nikazima simu.

Sasa nije kwenye rejista. Kila asubuhi nesi wa zamu ya usiku anakabidhi kitabu: jina, umri, anakotoka, tatizo, alichofanyiwa. Kwenye tatizo tuliandika "mimba imeharibika", na kama kuna mabaki ndani tunaongeza "haijatoka yote". Basi. Miaka 22 yote sijaona mahali palipoandikwa "ametoa". Si kwamba hatukujua. Mtu anakuja ana homa ya 40, harufu unaisikia tangu korido, ukimpima unakuta kipande cha kijiti cha muhogo, halafu anakwambia aliteleza kisimani. Unaandika kisima. Daktari naye akija anasoma kisima, anatikisa kichwa, anaomba glavu. Hapo watu watatu tumedanganyana na sote tunajua.

Kuna mmoja sijamsahau. Saa nane usiku, mvua inanyesha, bodaboda inasimama mapokezi. Binti wa miaka 17, amefungwa khanga mbili kiunoni na zote zimelowa, si mvua. Kaletwa na mwanamume wa miaka 30 na kitu, shati limechomekewa, kajitambulisha kuwa ni mjomba. Nikamuandikia vitu vya kununua: dripu, glavu, sindano za antibiotiki. Akaenda, akarudi navyo vyote, chenji hakuhesabu. Wakuu, mtu anayelipa bila kuuliza bei hospitali ya serikali, mtazame mara mbili. Ndugu wa kweli huwa wanalalamika. Huyu alikuwa na swali moja tu, kaniuliza mara tatu: "Sista, hii haiendi polisi?"

Nilielewa baadaye kwa nini swali lilikuwa hilo. Binti alikuwa kidato cha pili.

Mnajua kwamba mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ukimpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela? Sheria nzuri, niliishangilia. Lakini ilichofanya huku chini ni hiki: mimba ya mwanafunzi imekuwa ushahidi. Na ushahidi una mtu anayetaka upotee. Zamani alikuwa anakimbia yeye. Siku hizi hakimbii, anatafuta mtu wa kuchoropoa, analipia, anamsindikiza hadi mlangoni. Binti wa watu haulizwi anataka nini. Analetwa kama pikipiki inavyopelekwa gereji.

Na huyo binti Kanuni ya Adhabu inamwita mkosaji. Sura ya 16, kifungu cha 150: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, miaka 14. Cha 151: mwanamke mwenyewe, miaka 7. Cha 152: aliyetoa dawa au kifaa huku akijua ni cha kazi hiyo, miaka 3. Hebu mtazame mpangilio huo. Aliyeuza vidonge dukani ana hatari ndogo kuliko aliyevimeza.

Takwimu zipo pia. Watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na MUHAS (chuo kikuu cha Muhimbili) wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya Guttmacher ya Marekani walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zilizotolewa Tanzania zilikuwa kama 405,000. Wanawake waliotibiwa hospitali kwa madhara yake walikuwa kama 66,600. Kanda yetu ya Ziwa ndiyo iliyoongoza, 51 kwa kila wanawake 1,000 wenye umri wa kuzaa, Zanzibar ikawa ya chini kabisa, 11. Hizo zote zimetokea chini ya kifungo cha miaka 14.

Swali langu kwenu ni moja. Sheria hii inamtisha nani hasa? Maana mimi nilikuwa naona wanaochelewa. Anatoka damu Jumatatu, anakuja Ijumaa, kwa sababu anaogopa kuulizwa. Daktari wa mtaani aliyemfanyia hajaogopa, kesho yake anafungua duka kama kawaida.

Nawasilisha. Matusi yaacheni kwenye jukwaa la siasa.

---

Kipara wa Igoma (#2)

Nimekaa paleee, mwenye karanga apitishe huku.

---

Jembe Halilali (#3)

Bi mkubwa heshima yako, lakini hizo 405,000 ni chai. Kitu kinafanyika gizani, kwenye rejista umesema mwenyewe hakiandikwi, hao watafiti wamekihesabu na tochi gani? Hizi namba zinapikwa ili sheria zibadilishwe. Wazungu wanataka tupungue.

---

Mzee wa Usharika (#4)

Dada yangu Nesi, nimesoma yote bila kuruka, nakushukuru kwa kuandika kwa adabu. Mimi ni mzee wa kanisa la Kilutheri, KKKT, na msimamo wangu sitauficha: kilichomo tumboni ni mtu. Nimezika mtoto aliyezaliwa miezi sita, alikuwa na kucha. Hakuna wakili atakayenishawishi kwamba kile hakikuwa kitu. Kwa hiyo ukiniuliza sheria inamlinda nani, nakujibu inamlinda yule asiye na jina kwenye rejista yako kabisa, hata la uongo.

Lakini umenigusa mahali na nitasema. Sisi usharikani binti asiyeolewa akipata mimba anatengwa. Anatolewa kwaya, hashiriki Meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini anasimama mbele ya watu wote. Nimekaa kwenye vikao hivyo miaka mingi. Kijana aliyempa mimba, kama hakutajwa, Jumapili hiyohiyo anapiga kinanda.

Mwaka fulani tulikuwa na binti wa sauti ya kwanza, sauti ya ajabu. Alipotea mazoezini wiki mbili, akarudi amekonda, mama yake akasema alikuwa na taifoidi. Tukamshukuru Mungu kwa uponyaji, nadhani hata sadaka ya shukrani ilitolewa. Leo nimesoma habari ya kisima chako nikaikumbuka ile taifoidi.

Sibadilishi msimamo. Ila naona aibu kidogo.

---

Wakili Kijiweni (#5)

Mleta mada umevitaja vifungu sawasawa, sasa niongeze vitu viwili vitatu kwa faida ya wadau, maana hii sheria watu wanaitaja bila kuisoma.

Kwanza, si sheria yetu ya asili. Kanuni ya Adhabu aliiweka mkoloni Tanganyika mwaka 1930, na vifungu hivyo vya mimba ukivisoma Kiingereza chake unasikia sauti ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, enzi za Malkia Victoria. Wao wenyewe mwaka 1967 wakaitengenezea milango ya halali. Sisi tumerithi koti, mwenye koti ameshalifungua vifungo, sisi tumevifunga hadi shingoni na joto la Dar hili.

Pili, vifungu vyote vitatu vina neno "kinyume cha sheria". Neno hilo halikuwekwa kama pambo. Kama kuna kinyume cha sheria basi kuna kwa mujibu wa sheria. Mlango wenyewe uko kifungu cha 230: mtu hana kosa akifanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi, kwa faida ya mgonjwa, au kwa mtoto aliye tumboni ili kuokoa uhai wa mama, kama ni jambo la busara kulingana na hali. Kwa hiyo wanaosema "Tanzania ni marufuku kabisa" wanakosea. Kuokoa uhai wa mama inaruhusiwa.

Uhai ni nini sasa? Hapo ndipo pana kesi maarufu. London 1938, daktari mmoja, Aleck Bourne, alimtoa mimba binti wa miaka 14 aliyebakwa na askari. Hakujificha, alitaka sheria ipimwe. Jaji akaliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba kuokoa uhai si lazima mtu awe anakata roho, hata kama mimba itamwacha mama ameharibika mwili au akili, daktari anaweza kuhesabiwa kuwa anaokoa uhai. Akaachiwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kwenye kesi ya Mehar Singh Bansel iliyotoka Kenya, ikaifuata hoja hiyo. Kwa hiyo hoja imeshaingia huku kwetu muda mrefu, imelala tu kabatini. Daktari wa wilaya haijui, na hata akiijua, nani atajitolea kuwa kesi ya kwanza?

Halafu angalieni kichekesho: 230 inasema "upasuaji". Mwaka 1930 hakukuwa na kidonge. Leo kidonge cha misoprostoli kipo kwenye wodi za wazazi kwa ajili ya kuzuia damu baada ya kujifungua, na asili yake ni dawa ya vidonda vya tumbo. Sheria inakijua kisu, kidonge haikijui.

Tatu, Itifaki ya Maputo, yaani mkataba wa Umoja wa Afrika wa haki za wanawake. Tanzania tuliiridhia 2007. Ibara ya 14(2)(c) inataka nchi ziruhusu utoaji mimba kwa njia ya kitabibu pale ambapo mimba imetokana na kubakwa au zinaa ya maharimu, au inahatarisha afya ya mama ya mwili au ya akili, au uhai wake au wa kijusi. Tumesaini, tumerudi nyumbani, tumeweka karatasi kwenye droo. Kwetu mkataba wa kimataifa hauwi sheria ya kumpeleka mtu mahakamani hadi Bunge litunge sheria yake, na Bunge halijatunga. Matokeo yake binti aliyebakwa, kwa maandishi ya sheria yetu, hana kifungu chochote kinachomtaja.

---

Nesi Mstaafu (#6)

Jembe Halilali, swali lako ni la haki, nalijibu bila povu. Hawakukihesabu kwa tochi. Walichohesabu ni wanaofika hospitali, maana hao wanaonekana. Wanatoa wanaokadiriwa kuwa mimba zimeharibika zenyewe, hilo linajulikana kibaolojia ni kiasi gani hufika hadi kulazwa. Wanabaki na waliotoa wakaumia wakatibiwa. Halafu wanawauliza watu wanaoijua kazi hii: kwa kila mmoja anayefika kwenu, wangapi hawafiki, kwa sababu hawakuumia au hawana nauli au wanaogopa? Wanazidisha. Ni makadirio, na wenyewe wameyaita makadirio. Ukitaka sema ni 300,000, sema 200,000. Wodi yangu ilikuwa na vitanda 18, na kuna usiku tulilaza wawili wawili.

Kuhusu wazungu kutaka tupungue: yule aliyenyanyua kijiti cha muhogo alikuwa bibi wa kijiji cha tatu kutoka kwetu.

Mzee wa Usharika, sina cha kukujibu. Mimi ni Msabato, nami pia siwezi kusimama niseme kutoa mimba ni jambo jema. Kuna siku nilimaliza zamu nikakaa kwenye benchi la nje sina nguvu ya kwenda nyumbani, kwa sababu ya kile nilichokibeba kwenye kidishi. Msidhani manesi hawaoni.

---

Abuu Sumayya (#7)

Assalaam alaykum. Naona mjadala umekaa upande wa kanisa na mahakama tu, niongeze upande wetu, kwa sababu humu mitandaoni watu hudhani Waislamu tuna jibu moja la mstari mmoja.

Ipo hadithi ya Ibn Mas'ud, Bukhari na Muslim wote wameipokea, kwamba mtu huumbwa tumboni mwa mama yake kwa hatua za siku arobaini, kisha malaika hutumwa kupuliza roho. Wanazuoni wengi wameielewa kuwa ni siku 120. Baada ya hapo kutoa ni haramu, isipokuwa uhai wa mama uko hatarini, kwa kuwa mama ndiye shina. Kabla ya hapo wametofautiana, na hata ndani ya madhehebu ya Shafi'i tunayoyafuata pwani hii kuna waliolegeza siku za mwanzo kwa udhuru na kuna waliokaza, Ghazali akiwemo kati ya waliokaza. Hakuna aliyesema ni kitu cha mchezo.

Nachotaka kusema: fikihi ya miaka elfu iliyopita inauliza siku ngapi, udhuru gani, nani yuko hatarini. Sheria ya Malkia haiulizi siku hata moja, ya wiki ya tano na ya wiki ya ishirini kwenye 150 ni kosa lilelile. Halafu tunaambiwa dini ndiyo ngumu.

Wallahi sipigii debe. Nasema tu watu wasijifiche nyuma ya dini kwa jambo ambalo hawajalisoma.

---

Mgiriama (#8)

Salamu kutoka Kilifi. Watani, nasoma mnavyosema "tuige Kenya" huko kwenye nyuzi nyingine nikacheka. Nyinyi hamna mlango, sisi tuna mlango na askari kakaa juu ya kizingiti.

Katiba yetu ya 2010, kifungu 26, yasema uhai waanza mimba inapotungwa. Hapo hapo, ibara ndogo ya nne, yasema kuavya mimba hakuruhusiwi ila iwapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au iwapo sheria nyingine imeruhusu. Lile neno "afya" ndilo lililotupiganisha. Kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, makanisa makubwa yalisema La kwa sababu ya kifungu hiki na Mahakama za Kadhi. Kibaki na Raila kijani, yaani Ndiyo, Ruto nyekundu, yaani La. Nakumbuka mhubiri kwenye stendi ya matatu na spika yake asema ukipiga kijani umetia kidole damuni. Kijani ikapita, thuluthi mbili hivi ya kura. Kwa hiyo mtu akikwambia Wakenya wote wapinga, mwambie walipiga kura kifungu kikiwa mbele yao. Na akikwambia wote wataka, mwambie pia la, watu walikuwa wachagua katiba nzima na mashamba na magavana ndani yake.

Sasa kizingiti. Sheria ya jinai hawakuigusa. Vifungu 158, 159 na 160, miaka 14, 7 na 3, pacha wa vyenu. Polisi hufuata ile. Wizara ikatoa mwongozo kwa madaktari 2012, mwishoni mwa 2013 ikauondoa, na mafunzo ikayapiga marufuku. Mwaka 2014 msichana wa shule huko Kisii akabakwa, akaavywa na mtu asiyejua kazi, figo zikaharibika, akahangaishwa hospitali hii na ile, akafa 2018. Mahakamani waliandika JMM tu. Juni 2019 Mahakama Kuu ikasema kuondoa mwongozo ilikuwa makosa, aliyebakwa afya yake ikiwa hatarini anastahili huduma, na mama yake alipwe shilingi milioni tatu. Milioni tatu na mwanao kaburini.

Yetu ya hapa ni ya Ganze. Msichana wa shule kapata matatizo ya mimba, kaenda kliniki, tabibu kamtibu, askari wakaingia wakawakamata mtibu na mtibiwa. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ikasema kukamata vile ni kinyume cha katiba, na huduma hiyo ni haki ya msingi. Tukasema sawa, yamekwisha. Kumbe la, kesi ikapandishwa Mahakama ya Rufaa.

Kwa hiyo muuguzi wa huku kwetu leo ukimuuliza kama yaruhusiwa, akuangalia, aangalia mlango, akuuliza umetumwa na nani.

---

Jembe Halilali (#9)

Sawa, nimeelewa namba zinavyopatikana. Lakini bado Nesi hujasema unataka nini. Maana naona unazunguka. Unataka ihalalishwe mabinti wawe wanaenda kama wanaenda saluni?

---

Sina Jina Leo (#10)

Nimefungua akaunti mpya kwa ajili ya uzi huu, mnisamehe.

Mimi nilitoa. 2009, kidato cha tatu, bweni. Jembe, sikwenda kama naenda saluni.

Shuleni kwetu kila tukifungua muhula tulikuwa tunapimwa. Mnapanga mstari nje ya chumba cha matroni, mnaingia watano watano, mnalala kwenye kitanda, anabonyeza tumbo. Akiwa na mashaka anakupa kikopo. Aliyekutwa anafungasha godoro lake siku hiyohiyo, mnamwona anavuka uwanja wa mpira amelibeba kichwani, madirisha yote yamejaa watu. Tulikuwa tunacheka. Mimi nimewahi kucheka.

Wakili umeeleza vizuri sana lakini nikwambie, kifungu cha 151 nimekijua leo. Sikuwa naogopa miaka saba. Nilikuwa naogopa tarehe 12 Januari, siku ya kufungua. Nilikuwa na wiki tatu za likizo ya Desemba na kila siku nahesabu. Sikukuu ya Krismasi nilikula pilau nikatapika, shangazi akasema ni mafuta.

2017 rais aliposema pale Chalinze kwamba akizaa hakuna kurudi shule, nilikuwa ofisini nasikiliza redioni, wenzangu wanaume wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na digrii yangu ukutani. Mwaka 2021 mwezi wa Novemba waziri alipotangaza kwamba sasa wanaruhusiwa kurudi, nilikwenda chooni nikalia, sijui nililia nini, furaha au hasira. Kama tangazo hilo lingekuwepo 2009 sijui ningefanya nini. Kweli sijui. Msiniulize.

---

Mzee wa Usharika (#11)

Mwanangu, pole.

---

Kipara wa Igoma (#12)

Karanga zimenishinda. Mods huu uzi mbandikeni juu.

---

Nesi Mstaafu (#13)

Sina Jina, asante. Sitaongeza neno juu ya lako.

Jembe, nikujibu sasa. Umesema nazunguka, ni kweli, nimezunguka kwa sababu swali la "unaunga mkono au unapinga" mimi silipendi. Ukimuuliza Mtanzania kama anakubali utoaji mimba, anakwambia hapana kabla hujamaliza sentensi. Halafu muulize: binti yako wa darasa la saba, baba wa kambo, imeingia mwezi wa pili. Anaomba maji ya kunywa. Mtu yuleyule. Kwenye kikundi cha ukoo wetu wameulizwa swali la kwanza wote, na watatu wameshajibu la pili kwa vitendo, usiku, kwa hela ya kukopa.

Ninachotaka ni kidogo, na ukikataa hiki basi tukubaliane kutokubaliana. Mwanamke anayetoka damu asiogope kuja. Wizara ya Afya ina huduma kabisa, inaitwa huduma baada ya mimba kuharibika, tulifundishwa, vifaa vya kunyonyea tulipewa, na kumtibu mtu aliyeumia si kosa la jinai hata kama kilichomuumiza ni kosa. Nimeona madaktari wasomi wakiogopa hata kusafisha kizazi cha mtu ambaye mimba imeshatoka, eti wasije wakaonekana wao ndio walioanza. Nimeona mwenzangu akimwambia mgonjwa "sema ukweli kwanza ndipo nikuwekee dripu". Dripu imekuwa kitubio.

Na aliyebakwa. Hilo Wakili amelisema, sheria ituambie wazi, isimwache daktari aanze kutafuta kesi ya London ya 1938 saa nane usiku.

Mengine yote, ya wiki ngapi na sababu zipi, nawaachia nyinyi wenye elimu na Bunge lenu.

---

Wakili Kijiweni (#14)

Nakazia hapo kwenye matibabu: vifungu 150 hadi 152 vinamwadhibu anayetoa au kusaidia kutoa. Hakuna neno hata moja la kumkataza mtu kutibu madhara. Anayekataa kutibu asijifiche kwenye Sura ya 16.

---

Kipara wa Igoma (#15)

Nesi, samahani, swali moja tu la mtu wa kawaida. Yule binti wa bodaboda, wa kidato cha pili, aliishia wapi? Umetuacha hewani.

---

Nesi Mstaafu (#16)

Kipara, nilitegemea hakuna atakayeuliza.

Alipona. Saa kumi na moja alfajiri aliingizwa chumba cha upasuaji, kizazi kilikuwa kimetoboka na kimeoza, daktari akakitoa. Alikaa kwetu siku 19. Alikuwa na daftari la fizikia kwenye mfuko wa rambo, siku za mwisho nilikuwa namkuta amelifungua anachora saketi za umeme na rula ya kuazima kwa mgonjwa wa jirani. Shule walishamfuta kwa utoro.

Mjomba alipoambiwa binti anaingia upasuaji, alisema anatoka kununua maji ya chupa. Pale getini mlinzi alimwona anapanda bodaboda. Jina alilotuachia mapokezi lilikuwa la uongo, namba ya simu ilikuwa na tarakimu tisa.

Kwenye rejista nimeandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu: mimba imeharibika, aliteleza kisimani. Aliyemleta: mjomba.